KABLA HUJANUNUA DETEKTA YA KUTAFUTIA VITU VYA VITA VYA MJERUMANI: PIMA UDONGO KWANZA



Leo naomba tuongelee hizi detekta, yaani mashine za kutafutia vitu vya chuma, shaba, fedha na dhahabu vilivyofukiwa ardhini. Sisi wa huku Himo tumezaliwa tukisikia habari za Mjerumani kaficha mali. Kila mbuyu una hadithi, kila mwamba wenye alama una mzee anayedai babu yake alimwona mzungu akifukia sanduku usiku. Na kila mwaka kuna mtu anauza ng'ombe au shamba ili anunue "kipimo".

Baba mdogo wangu ni mmoja wao. Alinunua kifaa chenye mkono wa plastiki na antena moja inayozunguka, akaambiwa kinashika dhahabu kilomita nzima. Nilipokifungua sehemu ya betri nikakuta hamna hata waya. Nikamwambia, "Baba mdogo, hiki kitu hakina betri." Akanijibu, "Nyamaza wewe, kinatumia nguvu za mwili." Wiki mbili tulichimba. Tulipata mizizi.

Baadaye akajikusanya tena, akanunua mashine ya kweli, used, inayofanya kazi. Hapo ndipo mimi nilipojifunza kitu ambacho muuzaji hakutuambia: mashine nzuri kwenye udongo mbaya ni kama kipofu. Tulichukua sarafu ya heller ya bibi, tukaipitisha hewani mbele ya mashine. Ikashika kama sentimita 25. Tukaifukia shambani sentimita 12 tu. Mashine ikasema msumari. Tukaifukia 18, kimya kabisa.

Kwa hiyo mada yenyewe ndiyo hiyo: kwa udongo kama wetu, unachagua udongo kwanza, mashine baadaye. Soma mpaka mwisho, inaweza kukuokolea hela.

KWA NINI UDONGO WETU UNASUMBUA

Detekta inafanya kazi hivi. Ile sahani ya chini ina waya uliozungushwa ndani. Umeme ukipita pale unatengeneza uwanja wa sumaku unaoingia ardhini. Ukikutana na kipande cha metali, kinazalisha mkondo mdogo wa umeme ndani yake, na mkondo huo unarudisha ishara. Sahani inaipokea, mashine inalia.

Tatizo ni kwamba udongo nao una vyuma. Siyo misumari, ni chembe ndogo za madini ya chuma zilizochanganyika na udongo wenyewe. Wakubwa ni wawili: magnetaiti, ile nyeusi inayong'ang'ania sumaku, na maghemaiti, ambayo iko sana kwenye udongo mwekundu na changarawe za nchi za joto. Mashine inapoangalia chini inaona mlima mzima wa chembe hizo, na ile sarafu yako ni sauti ndogo katikati ya kelele za soko.

Sasa sikiliza vizuri hapa, maana wengi wanakosea. Wekundu peke yake siyo kipimo. Kuna udongo mwekundu kama damu unaotulia, kwa sababu wekundu wake unatokana na kutu isiyovutwa sana na sumaku. Na kuna udongo wa kahawia au mweusi unaopiga kelele vibaya sana, kwa mfano huu wetu uliotokana na volkano ya Kilimanjaro. Rangi inakupa wazo tu. Jibu anatoa sumaku.

Jambo lingine: moto unabadilisha udongo. Sehemu palipokuwa na tanuri la mkaa, jiko la muda mrefu au tanuri la matofali, joto hugeuza chuma cha kwenye udongo kuwa maghemaiti. Mashine italia pale na utachimba mpaka uchoke. Ukikuta majivu na vipande vya udongo ulioungua, shtuka.

PIMA UDONGO WAKO KWA SUMAKU (BURE KABISA)

1. Tafuta sumaku yenye nguvu. Ile ya spika mbovu ya redio inatosha.
2. Ivalishe mfuko wa nailoni, ili uweze kuisafisha.
3. Chukua udongo mkavu wa sehemu unayotaka kutafuta, uponde uwe unga. Chukua wa juu na wa chini kama futi moja.
4. Pitisha sumaku juu yake taratibu, kisha iinue uangalie.

Kama vimebaki vumbi vichache tu, udongo wako ni mpole, hata mashine ya kawaida itafanya kazi. Kama sumaku imevaa manyoya membamba, ni wa kati. Kama imeota ndevu nene, huo ndio udongo mkali, na kila ninachoandika hapa chini kinakuhusu.

Rudia sehemu tatu nne. Shamba moja linaweza kuwa na udongo wa aina mbili.

UNATAFUTA NINI HASA?

Mtu anakwambia "natafuta mali". Mali gani? Mashine haichaguliwi kwa neno hilo. Tuangalie ni nini hasa kilibaki ardhini.

Vita ya Kwanza ya Dunia huku kwetu ilianza Agosti 1914, Wajerumani walipoiteka Taveta. Februari 12, 1916 Waingereza na Waafrika Kusini walishambulia kilima cha Salaita wakashindwa. Machi 11 na 12 wakapigania vilima vya Latema na Reata, Wajerumani wakaondoka. Waingereza walijenga reli ya kijeshi kutoka Voi kupitia Maktau kuja Taveta. Maelfu ya watu walikaa kwenye makambi, wakala, wakapiga risasi, wakapoteza vitu. Kwa hiyo vilivyobaki kwa wingi ni hivi:

- Maganda ya risasi, ya shaba ya njano. Haya ndiyo mengi kuliko yote.
- Vichwa vya risasi, vyenye madini ya risasi ndani na ngozi ya shaba au chuma.
- Vifungo vya makoti, bakoli za mikanda, beji.
- Makopo ya nyama na biskuti. Ni chuma, yanaliza mashine kila hatua.
- Misumari ya reli, waya wa seng'enge, vipande vya makombora. Chuma tena.
- Sarafu: rupia za fedha, heller za shaba, na senti za Afrika Mashariki ya Waingereza zenye tundu katikati.

Na dhahabu je? Ipo sarafu moja ya kweli ambayo imezaa nusu ya hadithi zote. Mwaka 1916, Wajerumani wakiwa wamezingirwa, walitengeneza Tabora sarafu ya dhahabu ya rupia 15 yenye picha ya tembo, kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke. Zilitengenezwa 16,198 tu. Ni za kweli na zina thamani kwa wakusanyaji. Lakini fikiria: vipande elfu kumi na sita kwa nchi nzima, na nyingi zilishatoka mikononi mwa watu zamani. Kwa upande mwingine, jeshi la Lettow-Vorbeck lilizunguka miaka minne, likapita Msumbiji, likajisalimisha Abercorn, leo Mbala ya Zambia, Novemba 25, 1918. Jeshi linalokimbia hivyo linaacha maganda, makopo na makaburi. Masanduku ya dhahabu chini ya kila mbuyu? Hapana ndugu yangu.

Kwa hiyo unachagua mashine ya kushika vitu vya ukubwa wa sarafu na kifungo, vya shaba na fedha, katikati ya chuma kingi, kwenye udongo mkali. Ukielewa sentensi hiyo umeshamaliza nusu ya kazi.

AINA TATU ZA MASHINE

Za KWANZA ni zile za VLF za wimbi moja. Zinatuma wimbi mfululizo bila kukatika. Fisher F75 inatumia kilohezi 13, Garrett AT Gold 18, Minelab Gold Monster 1000 inatumia 45. Masafa ya chini yanapenda fedha na shaba nzito, ya juu yanapenda vitu vidogo sana kama punje ya dhahabu.

Uzuri wake: bei ya chini, nyepesi, na inajaribu kukwambia hiki ni chuma au siyo chuma. Ubaya: kwenye udongo mkali kina kinakufa, na kitu cha shaba kilicho chini kinasomeka kama chuma. Yaani inakudanganya kwa ujasiri. Sarafu ya bibi ndivyo ilivyogeuka msumari.

Kama ndiyo hela uliyo nayo, chukua ila hakikisha ina kusawazisha udongo kwa mkono. Mashine nyingi za bei ya chini zimefungwa kiwandani kwa udongo wa Ulaya. Hapa kwetu zitalia mpaka uzizime.

Za PILI ni VLF za masafa mengi kwa pamoja. Hizi zinatuma mawimbi kadhaa kwa wakati mmoja na kulinganisha majibu, hivyo zinatenganisha udongo na kitu vizuri zaidi. Minelab Equinox 800 iliyotoka 2018 ndiyo iliyofanya teknolojia hii ifike kwa watu wa kawaida. Baadaye zikaja XP Deus II ya Ufaransa na Nokta Legend ya Uturuki, na Equinox zenyewe zikaongezwa za 700 na 900 mwaka 2023.

Kwa udongo wa kati, na kwa sehemu zenye makopo na misumari mingi, mimi naona hizi ndizo zenye uwiano mzuri wa bei na kazi. Zinafaa pia pwani, maana kule adui ni chumvi, na mawimbi mengi yanaimudu chumvi kuliko wimbi moja. Lakini kwenye udongo wa ndevu nene nazo zinapungua nguvu. Usitarajie miujiza.

Za TATU ni za mapigo, wenyewe wanaziita PI. Hizi hazitumi wimbi mfululizo. Zinapiga pigo la umeme, zinakata ghafla, halafu zinasikiliza. Majibu ya magnetaiti yanazimika papo hapo pigo linapokatwa, wakati mkondo ndani ya sarafu unaendelea kidogo kabla ya kufa. Mashine inasikiliza wakati ule udongo umeshanyamaza. Ndiyo maana zinachimbua kina kwenye udongo ambao VLF imekufa kabisa.

Ila maghemaiti ni mkaidi, yeye hazimiki haraka. Kwa hiyo hata PI inahitaji kusawazisha udongo. Kuna PI za ufukweni ambazo hazina kitu hicho. Ukiuziwa hiyo kwa ajili ya udongo mwekundu, umeingizwa mjini. Muulize muuzaji swali moja: inasawazisha udongo? Akibabaika, aga.

Mifano ya PI zinazosawazisha udongo ni Minelab GPX 5000 ya mwaka 2010, GPX 6000 ya 2021, na Garrett ATX na Axiom. Minelab ni ya Australia, nchi yenye udongo mkali kama wetu, ndiyo maana walikomaa na tatizo hili mapema.

Ubaya wa PI ni miwili. Bei: mpya ni maelfu ya dola. Na chuma: PI haijui vizuri kutofautisha chuma na shaba. GPX 5000 ina kitu cha kukataa chuma, lakini kinafanya kazi kwa vitu vya juu juu, kikienda chini unajichimbia mwenyewe. Kwenye kambi ya zamani yenye misumari mia mbili, utachimba misumari mia mbili, tena kwa kina cha mkono mzima.

WENZETU WA VIRGINIA WALIFANYAJE

Kuna sehemu Marekani inaitwa Culpeper, jimbo la Virginia. Majira ya baridi ya 1863 kwenda 1864, katika vita yao ya wenyewe kwa wenyewe, jeshi la Kaskazini lilipiga kambi kubwa pale, upande wa Brandy Station. Vifungo, risasi na bakoli za mikanda zimejaa ardhini. Udongo wake ni mwekundu na mkali, kati ya watafutaji wa kule una sifa mbaya kabisa.

Walipita miaka na VLF wakiamini mashamba yameisha. PI zilipoingia, mashamba yaleyale yaliyokuwa "yameisha" yakaanza kutoa vitu tena. Vilikuwa pale siku zote, mashine ndizo zilikuwa hazivioni.

Somo la pili kutoka kwao: wengi hawana mashine moja. Sehemu yenye chuma kingi wanatumia ya masafa mengi yenye sahani ndogo. Uwanja ulio wazi, chuma kidogo, wanatoa PI. Sisi wenye hela ya mashine moja inabidi tujue shamba letu ni la aina gani kabla ya kununua.

SAHANI: KUBWA SIYO BORA

Wauzaji wanapenda kukwambia sahani kubwa inakwenda chini zaidi. Kweli, kwenye udongo mpole. Kwenye udongo mkali sahani kubwa inaona udongo mwingi zaidi, maana yake kelele zaidi. Kwa VLF, sahani ndogo ya inchi 6 mara nyingi inashika vizuri kuliko ya inchi 11 au 13, na inapita katikati ya makopo bila kuyachanganya.

Halafu angalia aina. Sahani ya DD, ambayo waya zake mbili zimepishana katikati, inaona ukanda mwembamba wa udongo. Ile ya duara ndani ya duara inaona udongo mwingi kama mdomo wa faneli. Kwa VLF kwenye udongo wetu chukua DD.

NAMBA ZINAZODANGANYA

Namba ya kwanza ni ya kina kwenye boksi. "Inashika mita mbili." Inashika nini? Pipa? Hewani? Sarafu moja kwenye udongo mkali ni hadithi nyingine kabisa. Usinunue kwa namba hiyo.

Ya pili ni ile ya kwenye skrini inayokwambia aina ya kitu. Kwenye udongo mkali, kadri kitu kinavyokuwa chini ndivyo namba yake inavyoteleza kuelekea chuma. Ukiweka mashine ikatae chuma chote, itakataa na sarafu. Weka kukataa chuma kidogo sana au usiweke kabisa, vaa hedifoni, jifunze sauti. Sauti safi inayojirudia ukipita pande zote mbili, kisha ukigeuka robo mzunguko bado ipo, chimba hata kama skrini inasema msumari.

MATAPELI: AINA MBILI

Aina ya kwanza ni wale wa antena, kama aliyemliza baba mdogo. Vifaa vya "masafa marefu" vinavyozunguka mkononi na kuelekeza dhahabu ilipo, mita mia au kilomita. Hakuna mkondo wa umeme unaorudi kutoka sarafu iliyo kilomita moja. Hakuna. Antena inazunguka kwa sababu mkono wako umeinama kidogo bila wewe kujua.

Na usidhani ni wakulima tu wanaopigwa. Mwingereza James McCormick aliiuzia Iraq vifaa vya namna hiyo vikiitwa ADE 651, vikatumika kwenye vizuizi vya barabarani kutafuta mabomu. Asili yake ilikuwa kichezeo cha kutafutia mipira ya gofu. Ndani hamna kitu kinachofanya kazi. Mwaka 2013 mahakama ya Uingereza ilimfunga miaka 10. Serikali nzima iliuziwa antena, sembuse baba mdogo.

Aina ya pili ni feki za mashine za kweli. Codan, kampuni ya Australia inayomiliki Minelab, ililalamika hadharani kwamba nakala bandia zilizotengenezwa China zimejaa kwenye soko la Afrika. Kwa nje ni ileile, stika ileile. Zingine zinalia kabisa, ila kusawazisha udongo hamna. Linganisha namba ya mashine na mwenye kampuni kabla ya kulipa. Bei ikiwa nusu ya wengine wote, jiulize kwa nini wewe ndiye mwenye bahati.

JARIBU KABLA YA KULIPA

Hili ndilo la muhimu kuliko yote, na muuzaji mkweli hatakataa.

1. Beba sarafu ya shaba, ganda la risasi kuukuu au kipande cha shaba cha ukubwa huo, na msumari. Kama muuzaji yuko mbali, beba ndoo ya udongo wa shambani kwako pia.
2. Bora zaidi, mwite shambani hata kwa kumlipia nauli.
3. Usifukie sarafu kwa kuchimba juu na kurudishia udongo, maana utakuwa umeuvuruga na majibu hayatakuwa ya kweli. Chimba shimo pembeni, halafu toboa ukuta wake kwa upande, usukume sarafu ndani. Udongo wa juu yake unabaki kama ulivyo. Fanya sentimita 10, 15, 20 na 25.
4. Isawazishe mashine: tafuta sehemu isiyo na kitu, inua na kushusha sahani kama unapiga pampu ya baiskeli, mpaka sauti ya kupanda na kushuka iwe sawa.
5. Pitisha taratibu juu ya kila sarafu. Andika ilishika wapi na ilisema nini.
6. Weka msumari kando ya sarafu ya sentimita 10, rudia.
7. Gonga sahani kwa mkono. Ikilia ovyo, waya umeachia.

Kama inashika sarafu kwenye 15 kwa sauti safi kwenye udongo wa ndevu nene, hiyo VLF ni nzuri. Kama inakufa kwenye 10, usijipe moyo kwamba utaizoea.

Ukishaipata: punguza nguvu za kushika mpaka itulie, maana kuongeza kwenye udongo mkali ni kuongeza kelele tu. Isawazishe upya kila udongo unapobadilika. Nenda polepole. Zima simu mfukoni, na kaa mbali na nyaya za umeme mkubwa, hasa ukiwa na PI.

MABOMU, MAKABURI NA SHERIA

Hapa naomba tusiwe na utani.

Vita hivyo viliacha makombora na mabomu ya mkono ambayo hayakulipuka. Miaka zaidi ya mia haiyafanyi yawe salama, wakati mwingine kutu inayafanya yawe mabaya zaidi. Wabongo tunakumbuka Mbagala Aprili 2009 na Gongo la Mboto Februari 2011, tunajua mabomu yanafanya nini. Ukifukua kitu chenye umbo la chupa nene, yai la chuma au bomba lenye ncha, usikiinue, usikigonge, usikisafishe kupiga picha. Weka alama, ondoka, toa taarifa polisi au kwa mwenyekiti wa kijiji, nao watawaita wanajeshi. Na usimpe fundi wa chuma chakavu. Hiyo bei ya kilo haitoshi mazishi.

Makaburi usiyasogelee. Taveta, Maktau na Voi kuna makaburi rasmi ya vita, lakini wapagazi walikufa wengi sana njiani na wengi hawana hata alama. Jina la Kariakoo lenyewe limetokana na jeshi hilo la wapagazi. Ukikuta mfupa, funika, toa taarifa.

Sheria: Tanzania tuna Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964. Inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863, na maeneo yanayotangazwa kuwa ya kumbukumbu. Kenya wana sheria yao ya makumbusho na urithi ya mwaka 2006, yenyewe inaanzia vitu vya kabla ya 1895. Usikimbilie kusema "sarafu yangu ni ya 1916, niko salama". Kuchimba kutafuta mambo ya kale kunahitaji kibali, kwetu kutoka Idara ya Mambo ya Kale, kwa majirani kupitia Makumbusho ya Taifa. Hifadhini kama Tsavo ndiyo kabisa, usiingie na detekta. Na shamba la mtu ni shamba la mtu, ongea na mwenyewe na serikali ya kijiji kabla ya kuweka jembe. Bei ya kibali na muda wake viweke kwenye hesabu kabla ya kununua mashine, siyo baada.

Na ukipata kitu kihalali, kabla hujakitoa piga picha, andika ni wapi na kina gani. Ganda la risasi mfukoni ni shaba ya shilingi mia. Ganda hilohilo likijulikana lilikutwa upande gani wa kilima cha Salaita linaeleza nani alipiga risasi kutoka wapi. Hiyo ni historia ya babu zetu, na ikishachimbuliwa ovyo hairudi.

KWA KIFUPI

- Sumaku safi, udongo mpole: VLF ya wimbi moja yenye kusawazisha kwa mkono inatosha.
- Sumaku yenye manyoya, makopo na misumari mingi: masafa mengi, sahani ndogo ya DD.
- Sumaku yenye ndevu, chuma kidogo: PI inayosawazisha udongo.
- Sumaku yenye ndevu na chuma kingi: masafa mengi na sahani ndogo, ukubali kina kifupi. Au PI na mgongo wa kuchimba kila kitu.
- Pwani yenye chumvi: masafa mengi.
- Antena: kaa na hela yako.

Baba mdogo aliiuza ile VLF kwa mchimbaji mwenye udongo mpole, naye anaisifia mpaka leo. Mashine ileile! Ng'ombe hakurudi lakini. Sasa hivi akimwona mtu na kipimo kipya anamwuliza swali moja tu: "Umeupima udongo?"

Mwenye uzoefu wa udongo wa Chunya, Geita, Taita au kwingineko atupe data, mashine gani ilifanya kazi na ilishika kina gani. Mwenye swali aulize, tusaidiane. Wauzaji wa antena msihangaike kuandika.

Naomba kuwasilisha. Tupo pamoja.